Ini lenye ulimi unaofika kitovuni: ni maumbile au ni maradhi?

#1 BintiMakunduchi

Asalaam alaykum, ndugu wanajukwaa.

Nina umri wa miaka 34, ni mwembamba na mrefu, sijawahi kunywa pombe, na nimejifungua mara tatu. Miezi miwili iliyopita nilikwenda kupimwa altrasaundi kwa sababu ya maumivu ya tumbo yaliyokuwa yakinijia kila baada ya kula. Mpimaji wa kwanza aliandika kwamba ini langu limevimba, kwa kuwa upande wa kulia alipima urefu wa sentimita 19, nami nikarudi nyumbani nikiwahesabu watu wote niliowahi kusikia kwamba wamekufa kwa maradhi ya ini. Vipimo vya damu vya homa ya ini B na C vikatoka safi, na vimeng'enya vya ini navyo vikawa vya kawaida. Mpimaji wa pili, katika kituo kingine, alikaa nami kwa muda mrefu zaidi, akaniambia nivute pumzi, nigeuke ubavu, kisha akaniambia kwamba ini langu halijavimba, bali lina kipande kama ulimi kinachoshuka kutoka pande la kulia hadi usawa wa kitovu, na kwamba kipande hicho kina jina lake: pande la Riedel.

Ninauliza mambo mawili. Je, ini la mtu linaweza kuwa na umbo tofauti na la mwenzake kiasi hicho bila kuwa na ugonjwa? Na kama ndivyo, umbo hilo hutokana na nini? Mama mkwe wangu ana yakini kwamba ni mkaja niliofungwa baada ya kila uzazi, na sasa hataki mke wa shemeji yangu afungwe.

#2 FundiMionzi

Pole kwa hofu uliyoipata, dada. Ninafanya kazi ya altrasaundi, na hali yako ninaijua vizuri kwa sababu nami niliwahi kuikosea nilipokuwa mwanafunzi.

Wapimaji wengi hupima ini kwa mstari mmoja unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga wa kulia, na urefu ukizidi takribani sentimita 16 huanza kushuku kwamba ini limekua. Kipimo hicho ni kizuri kwa ini lenye umbo la kawaida, lakini kwa mwenye pande la Riedel kinapima ulimi badala ya kupima ini. Anayepima hana budi kujiuliza maswali mengine. Je, ncha ya chini ni kali kama ukingo wa kisu, au imekuwa ya duara? Je, pande la kushoto nalo limenenepa, au ni dogo tu? Je, nyama ya ini inaonekana laini na ya rangi moja? Je, mishipa inaingia katika ule ulimi kwa mpangilio ule ule wa ini lote, bila kusukumwa wala kukatwa? Ini lililovimba kwa ugonjwa kwa kawaida hunenepa kote na kupoteza ukali wa ncha zake, ilhali ulimi wa maumbile huteremka ukiwa mwembamba na mkali.

Hata kwa mikono tu, kabla ya mashine, daktari mwenye subira anaweza kuhisi ulimi huo ukishuka mgonjwa anapovuta pumzi, kwa sababu ini husukumwa na diaframu, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kosa la zamani lilikuwa kuudhania kuwa figo ya kulia iliyoshuka, au uvimbe wa utumbo.

#3 Mchambuzi_77

Nakumbuka kusoma kwamba Riedel alikuwa daktari wa Kifaransa aliyewachunguza wanawake waliovaa kanda za kukaza kiuno. Kwa hiyo mama mkwe hayuko mbali sana na ukweli.

#4 BiMkunga

Naomba nizungumze kuhusu mkaja, kwa kuwa nimewafunga wazazi kwa zaidi ya miaka 30 na nisingependa jambo hili lipite hivi hivi.

Mkaja hufungwa chini, kuanzia nyonga kupanda juu, na kazi yake ni kulishika tumbo lililolegea baada ya uzazi. Anayejua kufunga haukazi mbavuni, kwa sababu mzazi atashindwa kupumua na kunyonyesha. Tena ni siku 40, na wengi siku hizi hawafiki hata 20. Nikiambiwa kwamba kitambaa cha siku 40 kimelivuta ini mpaka kitovuni, nitauliza: mbona mapafu hayakuvutwa, mbona bandama halikuvutwa? Ninakubali kwamba wapo wanaokaza kupita kiasi, na hao nimewakemea mara nyingi, lakini kukaza kupita kiasi kunaleta maumivu na kuchubuka kwa ngozi, wala sijawahi kuona kwamba kunaleta ini la pili.

#5 MwalimuViumbe

Mchambuzi, naomba kusahihisha. Bernhard Riedel alikuwa daktari wa upasuaji wa Kijerumani, na andiko lake la mwaka 1888 lilihusu hasa kifuko cha nyongo, si nguo. Aliwaona wagonjwa, wengi wao wanawake, ambao walikuwa na kifuko cha nyongo kilichojaa au chenye mawe, na juu ya kifuko hicho ini lilikuwa limenyooka kama ulimi. Yeye mwenyewe aliuona ulimi huo kuwa ishara ya ugonjwa wa kifuko cha nyongo. Leo tunajua kwamba wapo watu wengi wenye ulimi huo ambao kifuko chao hakina tatizo lolote, kwa hiyo maelezo yake hayatoshi, ingawa sioni sababu ya kuyatupa kabisa.

Habari za kukaza kiuno ni habari nyingine zinazochanganywa na hii. Katika karne ya 19 madaktari wa Ulaya waliopasua maiti za wanawake waliovaa kanda ngumu tangu usichana walikuta mfereji unaokata pande la kulia kwa upana, na juu ya mfereji huo utando wa ini umekuwa mnene na mweupe kama kovu. Wajerumani walikuwa na neno lake, ambalo maana yake ni ini lililokazwa kwa kamba. Huo ni mfereji, na wa dada yetu ni ulimi. Inawezekana kwamba kipande kilicho chini ya mfereji hushuka na kufanana na ulimi, na ndiyo maana watu wa zamani waliviweka pamoja, lakini pande la Riedel limeonekana pia kwa wanaume na kwa watoto, ambao hawakuvaa kanda wala mkaja.

#6 Mtulivu

Basi ile picha ya ini katika kitabu cha biolojia ni ya nani? Sisi tulichora pembetatu moja kubwa kulia na moja ndogo kushoto, na aliyechora tofauti alikosa alama.

#7 MwalimuViumbe

Mtulivu, ile picha ni ya umbo linaloonekana mara nyingi zaidi, wala si la kila mtu. Nami nilikuwa nikikata alama kwa wanafunzi waliochora pande la kushoto dogo mno, na sasa najuta, kwa sababu wapo watu ambao pande lao la kushoto ni dogo kweli kweli.

Ili tuelewe tofauti hizi zinatoka wapi, turudi tumboni mwa mama. Ini huanza katika wiki ya nne kama chipukizi dogo kwenye ukuta wa utumbo wa kiinitete, kisha hukua kwa kasi kubwa, kwa kuwa ndilo linalotengeneza damu wakati huo. Kufikia wiki ya kumi hivi, ini hufikia takribani asilimia 10 ya uzito wa kijusi. Mtoto anapozaliwa ni kama asilimia 5. Kwa mtu mzima ni kama asilimia 2, yaani kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu hivi. Mwanzoni pande la kushoto na la kulia karibu hulingana. Damu yenye oksijeni inayotoka katika kondo la nyuma huingia kwa mshipa wa kitovu, na mshipa huo hulilisha kwanza pande la kushoto. Kitovu kinapokatwa, mlo huo unakwisha, na pande la kushoto hurudi nyuma. Kwa watu wazima wengi, kwenye ncha ya kushoto kabisa hubaki uzi wa nyuzinyuzi, ambao ni mabaki ya nyama ya ini iliyokuwapo hapo zamani.

Sasa, kurudi nyuma huko hakulingani kwa kila mtu. Kwa mmoja pande la kushoto hunywea karibu litoweke, na kwa mwingine hubaki refu mpaka linavuka tumbo na kulikumbatia bandama. Mimi naamini, na hapa nasema imani yangu, kwamba ulimi wa kulia nao ni jambo la aina hiyo hiyo: chipukizi lilipata nafasi ya kushuka, likashuka.

#8 MzeeWaBucha

Hodi humu ndani. Mimi si daktari, lakini nimechinja na kupasua wanyama tangu ujana wangu, na maini nimeyashika zaidi ya wengi walioandika hapa.

Ini la ng'ombe ni pande moja pana, halina mikato mirefu. La mbuzi na la kondoo linafanana nalo. Nilipofanya kazi mahali palipochinjwa nguruwe ndipo nilipoona ini lenye mapande yaliyoachana kabisa, unaweza kuyafungua kama kurasa. Na hata kwa ng'ombe, si mawili yanayofanana: moja lina ukingo wenye meno meno, jingine lina kijipande cha pembeni ambacho wanunuzi hukikataa kwa kudhani ni uvimbe, ilhali ukikikata ni ini tupu na ni tamu kama sehemu nyingine. Kwa hiyo nikisikia kwamba binadamu nao wanatofautiana, sishangai.

#9 MwalimuViumbe

Shukrani, mzee wangu. Umegusa kosa lililodumu zaidi ya miaka 1,300. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, alipasua nyani, nguruwe na mbwa zaidi kuliko binadamu, na mafundisho yaliyotokana naye yakawa kwamba ini la binadamu lina mapande matano. Hata Vesalius, bingwa wa elimu ya maumbile ya mwili wa karne ya 16, katika michoro yake ya mwaka 1538, alilichora ini la binadamu likiwa na mapande matano. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543, baada ya kupasua maiti nyingi zaidi kwa mkono wake, aliyaacha yale matano. Angemsikiliza mchinjaji mmoja mwenye uzoefu kama wewe, huenda angelijua kosa hilo mapema.

#10 LughaYetu

Naomba kuchomeka jambo dogo la lugha. Kwa nini tunasema "nusu kilo ya maini" hata ng'ombe akiwa mmoja? Wengine watasema ni kwa sababu huuzwa kwa vipande, kama nyama za ndani nyingine. Mimi nilidhani ni kwa sababu wahenga waliona mapande. Na mtu mmoja tu, mwenye ini moja, tunasema maneno yamemkata maini.

#11 MzeeWaBucha

Ni vipande, mwanangu. Ini zima ukilitundika, mteja anasema "hilo ini ni la leo?" Ukishalikata, anasema "nipimie maini."

#12 MuuguziZiwani

Nawaombeni tusivuke haraka kutoka katika hofu kwenda katika faraja. Mimi ni muuguzi katika kanda ya Ziwa Viktoria, na huku umbo la ini likibadilika, mara nyingi si maumbile.

Kichocho cha tumbo huletwa na minyoo wanaoishi katika mishipa ya damu inayotoka utumbo. Mayai yao husafirishwa mpaka ndani ya ini na kukwama katika matawi madogo ya vena ya portali, yaani mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini, na kuzunguka kila tawi hujengeka makovu. Symmers, daktari aliyekuwa akifanya kazi Misri, aliyaeleza makovu hayo mwaka 1904, akayafananisha na mashina ya kiko cha udongo. Baada ya miaka mingi pande la kulia husinyaa na la kushoto hukua, ukalishika chini ya chembe cha moyo likiwa gumu. Kinachonisumbua ni kwamba seli za ini zenyewe zinaweza kuendelea kufanya kazi vizuri kwa muda mrefu, hivyo vipimo vya damu vikatoka vizuri, na mgonjwa akaambiwa hana tatizo. Siku moja anatapika damu bakuli zima, kwa sababu mishipa ya koo la chakula imevimba kwa msongamano wa damu. Nimemshika kijana mvuvi wa miaka 26 akiwa katika hali hiyo, na hakuwa amewahi kuonja pombe.

Kwa hiyo ukisikia mtu wa visiwani mwa ziwa ameambiwa kwamba pande lake la kushoto ni kubwa kimaumbile, uliza kwanza kuhusu bandama, na uliza kama mishipa ndani ya ini ina kuta nene.

#13 FundiMionzi

Muuguzi amesema jambo la maana kuliko yote yaliyotangulia. Katika andiko namba 2 niliegemea zaidi upande wa maumbile, na nilipaswa kueleza kwamba ini lililonyauka kwa sababu nyingine, kwa mfano homa ya ini B ya muda mrefu, nalo hubadili umbo kwa mpangilio wake: pande la kulia hupungua, na kile kipande kidogo cha nyuma kinachokumbatia vena kava, yaani mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, hukua. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kipande hicho kina mishipa yake midogo inayomwaga damu moja kwa moja katika vena kava, hivyo hunusurika wakati wenzake wanaumia. Wapo wanaosema pia kwamba mgawanyo wa damu ya vena ya portali ndio unaokipendelea. Huenda yote mawili yana ukweli.

Kipande hicho hicho cha nyuma hutudanganya kwa njia nyingine. Kwa baadhi ya watu kina chuchu ndogo inayoning'inia mbele, na katika picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazouonyesha mwili kama vipande vyembamba, inaweza kuonekana kama tezi iliyovimba karibu na kichwa cha kongosho. Mtu anaambiwa ana tezi yenye mashaka, analala siku kumi bila usingizi, kisha picha inakatwa vipande vyembamba zaidi na kumbe chuchu imeungana na ini.

#14 Dereva_wa_Usiku

Haya yanafanana na yaliyonipata. Nilianguka na pikipiki, nikapimwa altrasaundi usiku huo huo, nikaambiwa kuna damu inayolizunguka bandama na kwamba huenda nikapasuliwa. Shinikizo la damu yangu lilikuwa zuri na wingi wa damu haukushuka, kwa hiyo daktari wa zamu aliomba kipimo cha CT kwanza. Ilionekana kwamba ile iliyodhaniwa kuwa damu ilikuwa ni pande la kushoto la ini langu, ambalo limevuka mpaka ubavuni na kulifunika bandama. Daktari aliniambia kwamba nijitambulishe hivyo popote nitakapopelekwa nikiwa na akili timamu. Je, hili ndilo alilolieleza Mwalimu katika namba 7?

#15 FundiMionzi

Ndilo hilo. Wazungu huliita kwa jina la mkia wa mnyama mmoja wa mitoni mwenye mkia bapa. Nalo huonekana zaidi kwa wanawake, kwa hiyo wewe ni mgeni kidogo katika kundi hilo. Mwenye umbo hilo akivunjika mbavu za kushoto, ini lake linaweza kujeruhiwa, jambo ambalo kwa mtu mwingine lisingetarajiwa.

#16 MpasuajiMstaafu

Nimeusoma uzi huu tangu mwanzo kwa furaha. Naongeza upande mmoja ambao jicho la nje halioni.

Umbo la nje la ini, pamoja na ulimi na mikia yake, halimsumbui sana daktari wa upasuaji. Linalomsumbua ni mpangilio wa mishipa. Hata ule mpaka wa kulia na kushoto tunaouona kwa macho, penye utando unaoligawa ini mbele, si mpaka wa kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1890 James Cantlie, Mskoti aliyekuwa amefundisha udaktari Hong Kong, alieleza ini ambalo upande mmoja ulikuwa umenyauka na mwingine umekua kufidia, na mpaka kati yao ulipita kutoka kifuko cha nyongo hadi kwenye vena kava. Ona jinsi ini bovu lilivyofundisha maumbile ya ini zima. Mwaka 1957 Claude Couinaud wa Ufaransa akaligawa ini katika vipande vinane, kila kimoja kikiwa na tawi lake la damu na la nyongo, na ndiyo ramani tunayoitumia.

Lakini ramani hiyo nayo ina watu wanaoikataa kwa miili yao. Kitabu kinasema ateri ya ini hutoka katika shina moja na kugawanyika mara mbili. Michels, mtaalamu wa maumbile ya mwili, alipasua maiti 200, akachapisha mwaka 1955, na ni kama asilimia 55 tu waliokuwa na mpangilio huo wa kitabuni. Wengine walikuwa na ateri ya kulia inayotoka katika ateri ya utumbo na kupita nyuma ya kongosho, wengine ya kushoto ilitoka katika ateri ya tumbo la chakula, na wachache walikuwa na zote mbili. Asiyejua hilo anaweza kuikata akidhani ni kijimshipa kisicho na kazi. Mwanzoni mwa kazi yangu nilikutana na ateri ya kulia iliyojipinda kama kiwavi mbele ya kifuko cha nyongo, nikaifunga uzi nusu kabla ya mwalimu wangu kunishika mkono. Mgonjwa yule alipona, na mimi tangu siku hiyo sikukata chochote katika eneo lile kabla ya kukifuata mpaka nione kinakokwenda.

#17 Mchambuzi_77

Daktari, shikamoo. Nimesoma mahali kwamba wenye mpangilio wa kawaida ni zaidi ya asilimia 75. Ipi ni sahihi?

#18 MpasuajiMstaafu

Marahaba. Hesabu hiyo ni ya Hiatt na wenzake, mwaka 1994, kutokana na maini 1,000 yaliyotolewa kwa ajili ya kupandikizwa, na walipata asilimia 75.7. Wengine husema tofauti inatokana na Michels kuhesabu kila ateri ndogo ya ziada, kwa kuwa alikuwa na muda wa kuichambua maiti polepole, ilhali anayetoa ini usiku kwa ajili ya mgonjwa anayesubiri huandika yale makubwa. Wengine husema ni tofauti ya watu wenyewe waliochunguzwa. Mimi naegemea sababu ya kwanza, lakini sina haki ya kuifunga hoja.

#19 Kaka_wa_Mgonjwa

Nashukuru kuukuta uzi huu. Ndugu yangu anahitaji kupandikizwa ini, na tunajiandaa kwenda India, mimi nikiwa mtoaji. Nimeambiwa kwamba damu yetu inapatana lakini bado watapiga picha za mishipa na mifereji ya nyongo, na kwamba wanaweza kunikataa hata nikiwa mzima kabisa. Je, ni kwa ajili ya tofauti hizi?

#20 MpasuajiMstaafu

Ndiyo, mwanangu, na usione vibaya wakikukataa. Wakitaka kuchukua upande wako wa kulia, wanataka uwe na vena moja ya portali, ateri moja na mfereji mmoja wa nyongo wanaoweza kuunganisha. Kwa baadhi ya watu vena ya portali hugawanyika mara tatu mahali pamoja, na mifereji ya nyongo nayo hutofautiana sana. Wakati mwingine madaktari hupata njia, wakati mwingine hatari kwako ni kubwa mno. Jua pia kwamba sehemu utakayobaki nayo itakua mpaka ikaribie ujazo wa zamani, lakini pande lililokatwa haliotei tena. Kilichobaki ndicho kinachonenepa. Kuanzia siku hiyo wewe nawe utakuwa na ini lenye umbo lisilo la kitabuni.

#21 Neema_wa_Wodi

Mimi niliwahi kumpokea mama mwenye maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, homa na kutapika. Tulihangaika na bandama na figo, mpaka picha ya kifua ilipoonyesha moyo ukiwa kulia. Ini lake na kifuko cha nyongo chenye mawe vilikuwa kushoto. Nilielezwa kwamba watu kama yeye ni takribani 1 kati ya 10,000, na kwamba katika kiinitete kuna vinyweleo vidogo mno vinavyozunguka na kusukuma maji upande wa kushoto, na hivyo ndivyo mwili unavyojua upande. Visipofanya kazi, upande huamuliwa kwa bahati. Ndiyo maana baadhi yao pia husumbuliwa na mafua na kifua maisha yao yote, kwa kuwa vinyweleo vya aina hiyo ndivyo vinavyosafisha njia ya hewa.

#22 Mtulivu

Na ile mifereji inayoonekana juu ya ini, upande unaogusa diaframu? Marehemu baba yangu alikuwa na pumu, na ripoti yake ilisema ini lina mifereji mitatu. Tuliambiwa ni kukohoa.

#23 MwalimuViumbe

Hayo ni maelezo ya zamani, na yana mantiki yake: mtu anayekohoa miaka mingi hunenepesha mikanda ya msuli wa diaframu, na mikanda hiyo hulikanyaga ini. Wapo wanaosema badala yake kwamba mifereji hufuata mistari ambayo nyama ya ini ni dhaifu, katikati ya maeneo ya mishipa mikubwa, na hivyo diaframu ya kawaida tu inatosha kuichimba. Imeonekana pia kwa watu wasio na kikohozi, jambo linalonifanya nisite kuilaumu pumu ya mzee.

#24 BintiMakunduchi

Nimerudi, na nawashukuru wote. Maumivu yangu yalikuwa ya vidonda vya tumbo. Nilitibiwa vijidudu vinavyoleta vidonda hivyo na sasa ninakula bila shida. Ulimi wa ini haukuhusika kabisa.

Jambo jipya ni kwamba mdogo wangu, ambaye hajawahi kuzaa wala kufungwa mkaja, alikubali kupimwa pamoja nami, na yeye naye ana ulimi, mfupi kuliko wangu. Mama mkwe amesikiliza, akasema wangu ni mrefu kwa sababu ya mkaja.

#25 BiMkunga

Mwambie mkweo namsalimu, na kwamba aniletee mtu aliyefungwa mara saba na asiye na ulimi, nami ninao wengi. Lakini nina swali la haki: huyo mdogo wako, alipokuwa msichana, hakuwa akivaa mkanda wa kubana?

#26 BintiMakunduchi

Hapana, Bibi, hakuvaa kamwe. Ila sote wawili ni warefu wembamba, na kifua chetu ni chembamba kama cha mama yetu mzazi. Mama amekubali kupimwa Jumatano, nami nimemwomba mpimaji aandike urefu wa ulimi peke yake, mbali na wa ini.